Shule ya John Kani

Mwaka 1972 John Kani na Winston Ntshona waliamua kuacha kazi za viwandani na kuishi kwa uigizaji peke yake. Sheria haikuwa na nafasi ya uamuzi huo. Katika Afrika Kusini ya makaburu, mtu mweusi aliyefikisha miaka 16 alilazimika kutembea na kitabu cha pasi. Wazee wa Kenya waliokivaa kipande shingoni wakati wa mkoloni wanakijua kitu hicho bila kuelezwa. Ndani ya kitabu paliandikwa mwajiri wako ni nani na unafanya kazi gani, na kazi ya uigizaji haikuwemo miongoni mwa kazi za watu weusi. Ikabidi waandikishwe kuwa watumishi wa nyumbani wa Athol Fugard, mwandishi mzungu aliyekuwa akitunga na kuongoza tamthilia pamoja nao. Miaka mitatu baadaye watumishi hao wawili walipokea tuzo ya Tony mjini New York, tuzo ya juu kabisa ya jukwaa la Marekani, wakiwa waigizaji bora wa mwaka.

Vijana wa leo wanamjua Kani kama Mfalme T'Chaka wa Wakanda katika filamu ya Black Panther, au kama sauti ya Rafiki, yule nyani mwenye hekima katika filamu ya The Lion King ya mwaka 2019. Wanaona mzee mtulivu, sauti nzito, Kiingereza kilichonyooka, nao hudhani alipitia chuo fulani kikubwa cha Uingereza. Hakupitia chuo cha maigizo. Alichokipata ni mafunzo ya aina nyingine, marefu na ya gharama kubwa, na kwa maoni yangu hakuna ustadi wake wowote, wa jukwaani wala wa kwenye kamera, unaoweza kuelezwa bila mafunzo hayo.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1943 huko New Brighton, mtaa wa watu weusi pembeni mwa Port Elizabeth, mji ambao leo unaitwa Gqeberha. Ulikuwa mji wa bandari na viwanda vya magari. Kani na Ntshona walisoma shule moja, Newell High School, na walipomaliza kila mmoja aliingia kiwandani kama vijana wengi wa mtaa ule: Kani kwa Ford, Ntshona katika maabara ya kiwanda kingine.

Wakati huo New Brighton palikuwa na kikundi cha maigizo kilichojiita Serpent Players. Kilianza mwaka 1963, pale Norman Ntshinga alipokwenda nyumbani kwa Fugard kumwomba awasaidie yeye na wenzake kuandaa tamthilia. Jina la kikundi, lenye maana ya nyoka, lilitokana na mahali walipofanyia onyesho la mwanzo, shimo la zamani la kufugia nyoka katika jumba la makumbusho la mji. Wanachama walikuwa makarani, walimu, madereva, wanawake waliofanya kazi majumbani mwa wazungu. Mazoezi yalikuwa usiku, baada ya kazi, na mara kwa mara makachero wa usalama waliingia kuandika majina ya waliokuwepo.

Kani alijiunga mwaka 1965, kikundi kikiwa katika matayarisho ya Antigone, tamthilia ya Kigiriki ya Sophocles kuhusu msichana anayemzika kaka yake ingawa mfalme amekataza. Mmoja wa waigizaji, Mguqulwa, alikamatwa kabla ya onyesho akapelekwa Robben Island. Huko gerezani hakuiacha tamthilia. Aliikumbuka kadiri alivyoweza, akaiigiza kwa kifupi mbele ya wafungwa wenzake. Nelson Mandela naye ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba katika gereza hilohilo aliwahi kuigiza Antigone, akipewa sehemu ya Creon, yule mfalme dhalimu. Habari za mambo hayo ziliwafikia waliobaki New Brighton.

Somo la kwanza la Kani, basi, lilikuwa kwamba mwenzako anaweza kutoweka kabla ya onyesho na tamthilia ikalazimika kuendelea. Kila mtu alipaswa kujua maneno ya wengine. Karatasi yenye maneno hayo ilikuwa hatari kuliko maneno yenyewe, kwa sababu kachero angeweza kuibeba na kuifanya ushahidi. Hivyo walijifunza kuweka kila kitu kichwani na mwilini.

Namna walivyotunga inaonekana vizuri katika igizo fupi la mwaka 1966 lililoitwa The Coat. Ntshinga naye alikuwa amekamatwa, na mkewe akasafiri hadi Cradock kuhudhuria kesi. Pale mahakamani mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kuhukumiwa alivua koti lake, akamkabidhi mama huyo, akamwomba ampelekee mkewe, kwa kuwa yeye hangelihitaji tena. Aliporudi New Brighton mama huyo aliwasimulia wanakikundi. Wakalichukua koti kama kiini cha mchezo, na katika mazoezi kila mwigizaji akawa anaulizwa maswali akiwa ndani ya mhusika wake. Wewe ndiye mke wa mzee huyo: utalitundika wapi hili koti? Mtoto akikosa karo, utaliuza? Kodi ya nyumba ikichelewa je? Majibu yalitoka papo hapo, na yale yaliyosikika kuwa ya kweli yakahifadhiwa. Siku ya onyesho hawakutumia majina yao halisi. Kila mmoja alijitambulisha kwa jina la mhusika aliyewahi kumwigiza huko nyuma.

Kwa miaka mingi Kani alifunzwa kwa utaratibu huo, usiku mazoezi, asubuhi kiwandani. Mwaka 1967 alimvuta rafiki yake Ntshona akaingia kikundini. Nilipokuwa nikisoma habari zao nilitafuta mahali ambapo kiwanda kinaishia na jukwaa linaanza, sikupaona. Sehemu inayopendwa zaidi ya Sizwe Banzi Is Dead, tamthilia iliyowapeleka duniani, ilitoka moja kwa moja kwenye sakafu ya Ford.

Tamthilia hiyo ilianzia kwenye picha. Fugard na waigizaji wake wawili walikuwa wameiona picha ya mtu mweusi iliyopigwa studio, amevaa nguo zake nzuri, mkono mmoja ameshika sigara na mwingine kiko, uso wote tabasamu. Wakaulizana mtu mwenye tabasamu la namna hiyo anafurahia nini. Jibu lilikua likawa kisa cha Sizwe, mwanamume kutoka King William's Town ambaye kipande chake kimegongwa muhuri wa kumfukuza mjini. Usiku mmoja yeye na rafiki yake Buntu wanaikuta maiti barabarani. Marehemu ana kipande chenye kibali cha kutafuta kazi. Buntu anabadilisha picha katika vitabu viwili, na Sizwe anaambiwa akubali kufa kwa jina ili mke na watoto wake wale. Sizwe alikuwa Ntshona. Kani aliigiza watu wawili, Buntu na mpiga picha Styles.

Styles ndiye anayeifungua tamthilia. Anaingia peke yake na gazeti, analisoma kwa sauti, anatoa maoni, halafu anakumbuka alivyokuwa mfanyakazi wa Ford siku ile bosi mkubwa, Henry Ford mdogo, alipokuja kutoka Marekani kukagua kiwanda. Kuna jambo la kuangaliwa kwa karibu hapa. Msimamizi mzungu anataka wafanyakazi waambiwe wachangamke na waimbe wakati mgeni akipita, na Styles ndiye mkalimani. Kani peke yake jukwaani anakuwa msimamizi anayebweka amri, mara anakuwa Styles anayezigeuza amri hizo ziwe maneno mengine kabisa kwa wenzake, mara anakuwa wafanyakazi wenyewe wanaojibu, mara anakuwa yule tajiri anayepita bila kumtazama mtu. Havai kofia wala habadilishi koti. Bega linapanda au linashuka, sauti inahama, na mtazamaji anajua nani anasema. Gazeti lilikuwa la siku hiyohiyo ya onyesho, kwa hiyo mwanzo wa mchezo haukufanana usiku hata mmoja, na sehemu hiyo ilirefuka au kufupika kulingana na watu waliokaa mbele yake.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 8 Oktoba 1972 kwenye ukumbi wa The Space mjini Cape Town, ulioanzishwa mwaka uleule na Brian Astbury na mkewe, mwigizaji Yvonne Bryceland. Lakini onyesho linalonigusa zaidi ni lile la New Brighton, mbele ya watu wanaobeba vipande kila siku. Fugard amelisimulia. Kani alipofika kwenye kisa cha Ford, mtazamaji mmoja aliinuka, akapanda pale jukwaani, akaushika mkono wake na kuunyanyua juu kama refa wa ndondi, akatangaza kwamba Kani amemwangusha Henry Ford. Baadaye, Sizwe alipokuwa akisitasita kama akichukue kipande cha marehemu, ukumbi mzima uliingia kwenye mjadala. Wengine walimwambia achukue, wengine walimkanya. Waigizaji walisubiri mjadala uishe ndipo wakaendelea. Mwigizaji aliyeweza kusimama katikati ya tufani kama ile, akabaki ndani ya mhusika, akalirudisha gurudumu la mchezo barabarani bila kumwaibisha aliyeingilia, amekwisha kufuzu mtihani ambao vyuo havina namna ya kuutunga.

The Island ilifuata tarehe 2 Julai 1973, hapohapo The Space. Ilitokana na ile Antigone ya gerezani. Kwa mujibu wa Fugard, matayarisho yalianza kwa kutandika turubai kubwa sakafuni. Aliwaambia waigizaji wake watembee juu yake wakijisikia walivyo. Kisha turubai likakunjwa nusu, wakatembea tena. Likakunjwa tena, na tena, hadi wanaume wawili wazima wakawa wamebanana mahali ambapo hakuna anayeweza kugeuka bila kumsukuma mwenzake. Walipoulizwa hapo ni wapi, jibu lilikuwa kisiwa. Kila mtu chumbani alijua ni kisiwa kipi.

Sheria ya magereza ilikataza kutangaza habari za yanayotendeka ndani, kwa hiyo siku za mwanzo tamthilia ilipewa jina la Die Hodoshe Span na Robben Island haikutajwa. Maandishi yake hayakuwepo, yalikuja baadaye. Wahusika wanaitwa John na Winston, majina ya waigizaji wenyewe. Dakika za mwanzo hazina neno hata moja. Wafungwa wawili wanajaza toroli zisizoonekana kwa mchanga usioonekana, kila mmoja anamwaga alipochimba mwenzake, na kazi haiishi. Wanafanya hivyo mpaka jasho linawatiririka kwelikweli na watazamaji wanaanza kujikuna kwa kero. Baadaye Winston atavaa wigi na matiti ya bandia awe Antigone, John atamcheka, na mwisho kichekesho hicho kitageuka mashtaka mbele ya walinzi wa gereza. Tamthilia zote mbili zilipelekwa Royal Court mjini London, kisha Novemba 1974 zikafika Broadway, na ndizo zilizowapatia Kani na Ntshona tuzo ya pamoja ya mwaka 1975.

Kurudi nyumbani na tuzo hakukuwapa kinga. Kani amesimulia jinsi polisi walivyomvizia, wakampiga na kumwacha wakidhani amekufa. Alipoteza jicho la kushoto, na tangu hapo anavaa jicho la bandia. Oktoba 1976, serikali ilipokuwa ikijiandaa kulipa jimbo la Transkei, lililotengewa watu weusi, uhuru wa uongo, walipeleka Sizwe Banzi katika mji wa Butterworth wa huko. Walikamatwa baada ya onyesho na kuwekwa kizuizini. Wasanii wa London na New York walipiga kelele, wakaachiwa. Mwaka 1985 mdogo wake, Xolile, aliuawa kwa risasi na polisi akiwa makaburini, akisoma shairi kwenye mazishi ya mtoto wa kike aliyeuawa katika machafuko ya mwaka huo.

Na bado katika mwaka huo wa 1985 alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Baxter, Cape Town, kuigiza Jean katika Miss Julie ya August Strindberg, mtumishi anayelala na binti wa tajiri wake. Binti huyo alikuwa Sandra Prinsloo, mwigizaji maarufu wa Kiafrikana. Sheria ya kuzuia ndoa na mapenzi kati ya weusi na weupe ilifutwa mwaka huohuo, lakini ilikuwa bado ipo vichwani mwa watu, na Kani alipombusu Prinsloo baadhi ya watazamaji waliinuka wakatoka. Miaka miwili baadaye Janet Suzman, mwigizaji mzaliwa wa Johannesburg aliyejijengea jina Uingereza, alimwita aigize Othello kwenye ukumbi wa Market. Hapo mkongwe wa miaka zaidi ya ishirini ya jukwaani aligeuka tena mwanafunzi. Mistari ya Shakespeare ina mapigo yake, na mtu aliyezoea kutunga maneno akiwa amesimama alilazimika sasa kutii kila silabi ya mtu aliyekufa karne nyingi. Kani alikuwa amekutana na Shakespeare shuleni kwa Kixhosa, kupitia Julius Caesar iliyotafsiriwa na B. B. Mdledle. Wasomaji wetu waliolelewa na Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere wanaelewa jinsi mtu anavyoweza kumpenda Shakespeare kwa lugha ya nyumbani na kumwona mgeni kwa Kiingereza. Onyesho lilirekodiwa, na anayetaka anaweza kulitazama. Othello wa Kani huongea taratibu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulikabidhi kwa wageni, na ndiyo maana wivu unapombomoa tunaona kwanza lugha yenyewe ikivunjika.

Ukumbi wa Market wenyewe una sehemu kubwa katika maisha yake. Barney Simon na Mannie Manim waliufungua mwaka 1976 katika soko la zamani la matunda huko Newtown, Johannesburg, siku chache baada ya watoto wa Soweto kuanza kupigwa risasi. Weusi na weupe walikaa humo pamoja wakati sheria ikisema vingine. Kani aliigiza hapo, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1989 yeye na Simon walianzisha pale chuo kilichoitwa Market Theatre Laboratory, kwa ajili ya vijana wa mitaa ya weusi ambao hawakuwa na njia ya kuingia vyuo vikuu vya maigizo. Mtu ambaye hakupata shule ya maigizo aliijenga, tena akaijenga kwa mfano wa ile aliyoijua. Wanafunzi wake walitumwa kwenda kuwaangalia watu walivyo, wasikilize wanavyosema na kusimama, kisha warudi watunge kwa pamoja.

Upande wa filamu nitaupitia haraka zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi sinema ilimpa Kani nafasi ndogo kuliko uwezo wake. Alikuwemo katika The Wild Geese ya 1978, pamoja na Ntshona, na katika A Dry White Season ya 1989, tena wakiwa wote wawili. Mwaka 1992 alicheza katika Sarafina! Wakenya watamkumbuka kama Samuel katika The Ghost and the Darkness ya 1996, filamu ya simba wala watu wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa reli mwaka 1898, ingawa mandhari tunayoyaona ni ya Afrika Kusini. Samuel ndiye anayetusimulia kisa chote, na inafaa kusikiliza jinsi sauti yake inavyobeba filamu ambayo mabango yake yalijaa nyuso za Michael Douglas na Val Kilmer.

Halafu ikaja Captain America: Civil War ya 2016. Kani aliitwa kuigiza mfalme wa Wakanda, mwenye tukio moja na mwanawe kabla ya kuuawa. Ni yeye aliyependekeza kwamba baba na mwana Waafrika wakikutana wazungumze lugha ya Kiafrika, akatoa Kixhosa chake, na Chadwick Boseman, aliyeigiza mwana huyo, akakijifunza kwa ajili ya tukio hilo. Pendekezo la mzee mmoja liligeuka lugha ya nchi nzima ya kubuni, na Black Panther ilipotoka mwaka 2018 Kixhosa kilisikika katika kumbi za sinema duniani kote. T'Chaka kijana katika filamu hiyo ni Atandwa Kani, mwanawe wa kumzaa. Wanaoshangaa jinsi mwigizaji wa sehemu ndogo alivyothubutu kugusa maneno ya filamu ya mamilioni ya dola wasahau kidogo Hollywood wakumbuke New Brighton. Kwa Kani maneno hayajawahi kuwa mali ya mwandishi peke yake.

Kutunga bila Fugard kulikuja baadaye. Nothing But the Truth ilionyeshwa Market mwaka 2002, Kani akiwa mwandishi na pia mwigizaji mkuu, na mwaka 2008 akaiongoza mwenyewe kuwa filamu. Sipho Makhaya, mzee wa miaka 63, mkutubi wa maktaba ya Port Elizabeth, anaungoja mwili wa ndugu yake aliyekufa uhamishoni, na kinachorudi ni majivu ndani ya chombo. Mwana wa Sipho alikuwa mshairi, na polisi walimuua. Kani aliyemzika Xolile alingoja miaka 17 kabla ya kuweka jambo hilo jukwaani, tena akalificha nyuma ya ugomvi wa kawaida wa ndugu wawili, nani alipendwa zaidi na baba, nani alimchukulia mwenzake nini. Sipho hadai kwanza haki ya taifa. Anadai cheo alichonyimwa kazini na kichezeo cha utotoni alichopokonywa na ndugu yake. Uchungu wa siasa unapopasuka mwishoni, unapasukia ndani ya nyumba, mbele ya binti yake, nasi tunauamini kwa sababu tumeshayaona hayo madogo.

Ntshona alifariki tarehe 2 Agosti 2018. Mwaka uliofuata Kani alifika Stratford-upon-Avon na tamthilia nyingine aliyoiandika, Kunene and the King. Ni ya watu wawili tu, kama zile za The Space. Antony Sher aliigiza mwigizaji mzungu anayekufa kwa saratani ya ini huku akikariri sehemu ya King Lear, na Kani akawa Lunga Kunene, muuguzi anayetumwa nyumbani kwake kumtunza. Muuguzi huyo anamjua Shakespeare kupitia tafsiri ya Mdledle na hana haya nayo. Tamthilia ilikwenda Cape Town, kisha London mwaka 2020 hadi Korona ilipofunga kumbi. Sher naye alifariki Desemba 2021. Kani hakuiweka kabatini. Aliendelea kuicheza na waigizaji wengine, na mwaka 2025, akiwa amepita miaka 80, aliipeleka Washington, akiigiza mtu anayemlisha, anayemwogesha na anayebishana na mgonjwa wake kila usiku.